Kijineno Kinachobeba Mzigo: Uhakiki wa Ufafanuzi wa Vitenzi Virai vya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Lubudi

1.0 Utangulizi

Kiingereza kina vitenzi vingi vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida kufuatwa na kijineno kimoja au viwili, kama vile ‘put off’, ‘look after’, ‘break down’ na ‘put up with’. Ugumu wake haukugunduliwa jana. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba miungano ya namna hiyo ni mingi mno katika lugha yake, kwamba maana yake aghalabu iko mbali na maana ya maneno yanayoiunda, na kwamba wageni ndio wanaotaabika nayo zaidi. Jina ambalo wanasarufi wa Kiingereza hulitumia leo lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alieleza kwamba alipendekezewa na Henry Bradley.

Katika Kiswahili baadhi ya waandishi huviita vitenzi virai. Istilahi hiyo ina kasoro, kwa sababu inakaribiana mno na kirai kitenzi, ambacho ni kipashio cha kisintaksia na ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka, makala haya yataitumia, na neno linalokifuata kitenzi litaitwa kijineno.

Makala haya yanahakiki njia mbili ambazo kwazo vitenzi hivyo hufikishwa kwa mwanafunzi wa Lubudi, katika jimbo la Lualaba: orodha ya visawe ndani ya kamusi, na tafsiri ya Kifaransa darasani. Yanadai kwamba njia zote mbili zina kosa moja. Zinakificha kijineno, ilhali kwa msemaji wa Kiswahili kijineno ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa maana. Yanadai pia kwamba Kiswahili anachokisema mwanafunzi huyo kila siku kina nyenzo za kumfunulia siri hiyo, nazo zimeachwa bila kutumiwa.

2.0 Lubudi na lugha zake

Si sahihi kudhani kwamba Kiingereza ni mgeni wa juzi katika eneo hili. Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, umo katika wilaya ya Lubudi. Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi, na biashara yake iliuunganisha mji huo na njia za misafara ya pwani. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika hapo mwaka 1886, miaka mitano kabla Msiri hajauawa. Baadaye, kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 na reli kutoka Rhodesia ilipofika Elisabethville mwaka 1910, wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na Kiingereza kilisikika migodini. Fabian (1986) ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyopata nafasi yake kama lugha ya kazi katika Katanga wakati wa ukoloni. Tangu hapo Kifaransa kilitawala ofisini na shuleni, Kiswahili kikatawala kazini, sokoni na nyumbani kwa wengi, pamoja na Kisanga, Kiluba na lugha nyingine za wenyeji.

Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini mahitaji ya Kiingereza yameongezeka. Mgodi wa Tenke Fungurume, ulio katika wilaya hiyo hiyo, ulianza kutoa shaba mwaka 2009 chini ya kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan, kabla ya kampuni hiyo kuiuzia China Molybdenum hisa zake mwaka 2016. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza ni lugha ya shughuli za kila siku. Kwa kijana wa Lubudi, basi, Kiingereza si somo la mtihani tu. Vitabu vya mitambo na maagizo ya usalama mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo, na humo vitenzi virai vimejaa: ‘shut down’, ‘lock out’, ‘stand back’, ‘keep out’, ‘look out’. Mwanafunzi anayeitafsiri ‘Look out!’ neno kwa neno atasema ‘Angalia nje’, kisha atageukia dirisha wakati alipaswa kujihadhari. Kosa la darasani hupunguza alama. Kosa kama hilo kazini laweza kumgharimu mtu mkono au uhai.

3.0 Upungufu wa orodha ya visawe

Kamusi za Kiingereza–Kiswahili zina historia ndefu. Ile ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya msingi wa kazi ya Madan, iliwahudumia wasomaji kwa miongo mingi. Mwaka 1996 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 ni TATAKI, ilitoa kamusi mpya ya Kiingereza–Kiswahili, na kazi hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kuidharau.

Hata hivyo, utaratibu unaofuatwa katika kamusi za aina hii ni ule ule. Kitenzi kikuu huwa kidahizo, na chini yake vitenzi virai hupangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kisawe chake. Utaratibu huo unamfaa msomaji anayetaka kuelewa sentensi moja aliyokutana nayo. Haumfai anayetaka kujifunza. Chini ya ‘put’ atakuta mambo ya kuvaa, kuahirisha, kuzima na kuvumilia yakiwa yamesongamana, wala hataona kinachoyaunganisha. Kinyume chake, ‘put off’ ataikuta mahali pamoja, ‘call off’ mahali pengine na ‘take off’ kwingine, ingawa vyote vitatu vina kijineno kimoja.

Tatizo la pili ni kisawe chenyewe. Tuseme mwanafunzi anatafuta maana ya ‘put out’, ‘turn off’, ‘switch off’ na ‘blow out’. Kisawe cha vyote vinne ni ‘zima’. Kisawe hicho si cha uongo, lakini hakitoshi. Kwa Kiingereza moto wa msituni huzimwa kwa ‘put out’, bomba au redio kwa ‘turn off’, taa yenye swichi kwa ‘switch off’, na mshumaa kwa ‘blow out’. Mwanafunzi aliyepewa ‘zima’ peke yake ana haki ya kuandika ‘put out the machine’, na mwalimu atakayemsahihisha hatakuwa na kanuni ya kumpa.

Darasani Lubudi tatizo hilo huongezewa jingine. Kiingereza hufundishwa kwa Kifaransa, na ‘éteindre’ hufunika eneo lile lile linalofunikwa na ‘zima’. Isitoshe, Kifaransa kina undugu na sehemu moja tu ya msamiati wa Kiingereza, yaani ile iliyotokana na Kilatini. Mwanafunzi anayepitia Kifaransa huvutwa upande huo: badala ya ‘go in’ atachagua ‘enter’, badala ya ‘put up with’ atachagua ‘tolerate’, badala ya ‘go on’, ‘continue’. Sentensi zake zitakuwa sahihi, naye atapata alama. Lakini atakapowasikia wasemaji wakizungumza kazini, atakuta wanatumia ‘go in’, ‘put up with’ na ‘go on’, naye hatawaelewa. Dagut na Laufer (1985) walionyesha, kwa wanafunzi wasemao Kiebrania, kwamba mjifunzaji ambaye lugha yake haina vitenzi vya namna hii huvikwepa. Kukwepa huko hakuonekani katika daftari, kwa kuwa asiyethubutu hakosei.

4.0 Kijineno kama kitenzi

Talmy (1985) alizigawa lugha kwa kuangalia mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Lugha nyingine huiweka ndani ya kitenzi chenyewe. Nyingine huiweka nje, katika neno linalokizunguka. Kiingereza kimo katika kundi la pili, na Kifaransa katika la kwanza. Kiswahili nacho, kwa sehemu kubwa, kimo katika kundi la kwanza: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi. Kila kimoja cha vitenzi hivyo kina mwelekeo ndani yake, bila kuhitaji msaada.

Tofauti hiyo ina matokeo ya wazi katika tafsiri. ‘He ran out’ kwa Kiswahili ni ‘Alitoka mbio’. Hapa ‘out’ imekuwa kitenzi, yaani toka, na ‘ran’ imeshushwa kuwa namna ya kutoka. ‘She swam across the river’ ni ‘Alivuka mto kwa kuogelea’: kijineno ‘across’ ndicho kilichozaa vuka. ‘The child crawled in’ ni ‘Mtoto aliingia akitambaa’. Kanuni ni moja. Kijineno cha Kiingereza hupanda cheo na kuwa kitenzi cha Kiswahili, na kitenzi cha Kiingereza hushuka na kuwa kielezi.

Kanuni hiyo haikomei kwenye mwendo. ‘He blew out the lamp’ ni ‘Aliizima taa kwa kuipuliza’. Mwanafunzi aliyeizoea atatambua kwamba katika ‘put out’, ‘turn off’, ‘switch off’ na ‘blow out’, kuzima hakumo katika kitenzi cha kwanza. Kumo katika ‘out’ na ‘off’. Kitenzi cha kwanza humwambia mkono au mdomo umefanya nini: umezungusha, umebonyeza, umepuliza. Hapo ndipo anapopata sababu ya kutosema ‘blow out’ kwa redio. Kadhalika tangazo la ‘Keep out’ halimtaki msomaji aweke kitu nje. ‘Out’ ndiyo inayompa habari, na Kiswahili huisema kwa kukanusha kitenzi cha njia: ‘Usiingie’.

Mtu anaweza kujibu kwamba Kifaransa nacho, kwa kuwa kimo katika kundi moja na Kiswahili, kingefanya kazi hiyo hiyo. Jibu hilo lina ukweli. Sentensi ya Kifaransa ya mtu kutoka mbio hujengwa kama ya Kiswahili. Lakini Kifaransa chenyewe watoto wengi wa Lubudi hujifunza shuleni, na kueleza lugha moja ya shule kwa lugha nyingine ya shule ni kumkopesha mtu fedha ambazo bado unazidai. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina nyenzo mbili zinazostahili kutazamwa kwa karibu.

5.0 Nyenzo za Kiswahili: kauli ya kutendua na neno ‘mbali’

Nyenzo ya kwanza ni kiambishi cha kutendua, -ua au -oa, pamoja na -uka au -oka kwa jambo linalojitendea. Tazama jozi hizi: bandika na bandua, chomeka na chomoa, angika na angua, vaa na vua, ezeka na ezua, funga na fungua. Kwa Kiingereza, bandika kibandiko ni ‘stick on’ na bandua ni ‘peel off’. Chomeka waya ni ‘plug in’, na chomoa ni ‘pull out’. Angika ni ‘hang up’. Angua ni ‘take down’. Vaa ni ‘put on’. Vua ni ‘take off’. Upepo ulioezua paa, kwa Kiingereza, ‘blew the roof off’. Kijineno cha Kiingereza na kiambishi cha Kiswahili hufanya kazi inayolingana, na vyote viwili hukaa baada ya mzizi wa kitenzi. Msemaji wa Katanga, ambaye mara nyingi husema ‘fungula’ pale pwani wanaposema ‘fungua’, anaisikia alama hiyo kwa uwazi zaidi.

Manufaa yake yanaonekana katika mfano ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kichekesho cha Kiingereza. ‘The lights went off’ ina maana kwamba taa zilizimika. ‘The alarm went off’ ina maana kwamba king'ora kililia. Vipi kijineno kimoja kizime na kiwashe? Katika mgodi swali hilo si la mzaha, kwani aliyejifunza kwamba ‘off’ ni kuzima ataambiwa king'ora kime-‘go off’, naye atatulia akidhani kimenyamaza. Orodha ya visawe haina jibu ila kuandika maana mbili zenye namba. Kiswahili kinalo jibu. Bunduki au mtego ‘goes off’, na Kiswahili husema umefyatuka. Bomu ‘goes off’, na Kiswahili husema limelipuka. Katika fyatuka umo ule mwisho wa -uka: kitu kilikuwa kimetegwa, kimetulia katika hali yake, nacho kimeachiwa kutoka katika hali hiyo. Hiyo ndiyo maana ya ‘off’ hapa, yaani kuachana na hali iliyokuwapo. Hali ya king'ora ni ukimya, basi kikiachana nayo hulia. Hali ya taa inayotumika ni kuwaka, basi ikiachana nayo huzimika. Kijineno hakikubadilika. Kilichobadilika ni hali iliyoachwa.

Nyenzo ya pili ni neno ‘mbali’ linapofuata kitenzi chenye kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa. Ashton (1944) aliieleza miundo hiyo kuwa inaonyesha utimilifu wa tendo. Tupilia mbali si kutupa kwa umbali wa hatua nyingi. Ni kutupa moja kwa moja, kusirudiwe tena. Serikali au mkataba uliovunjiliwa mbali haukusogezwa popote. Potelea mbali haina safari ndani yake. Katika miundo hii ‘mbali’ imeacha kutaja mahali, ikawa alama ya kumaliza. Ndivyo ilivyotokea kwa ‘away’, ‘off’ na ‘up’ katika ‘throw away’, ‘finish off’ na ‘burn up’. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini Kiingereza husema ‘eat up’ wakati chakula hakipandi juu, na aulizwe kwanza kwa nini yeye husema ‘tupilia mbali’ wakati takataka ziko mlangoni. Akilijibu swali lake, atakuwa amelijibu la Kiingereza pia.

6.0 Mipaka ya ulinganisho

Haifai kuusukuma ulinganisho huu kupita uwezo wake. Viambishi nyambulishi vya Kiswahili, kwa wingi wake, hushughulikia washiriki wa tendo: nani anatendewa, nani anatendeshwa, nani wanatendana. Vijineno vya Kiingereza havifanyi hivyo. Ni kauli ya kutendua tu inayosogeleana navyo kwa dhati, na hata hiyo haizai maneno mapya kwa uhuru. Mwalimu atakayedai kwamba kila ‘off’ ni -ua atakuwa amebadilisha orodha moja kwa nyingine.

Tena, viko vitenzi virai ambavyo maana yake haipatikani kwa kuvipasua. ‘Put up with’ ni kuvumilia, na hakuna faida kumhangaisha mwanafunzi kutafuta ‘up’ imefanya nini. Hapa pia, hata hivyo, Kiswahili kinampa tahadhari inayofaa. Apigaye pasi hampigi mtu, na akataye tamaa hana kisu. Mwanafunzi amezikubali nahau hizo tangu utotoni bila kulalamika, kwa kuwa alizisikia ndani ya matumizi. ‘Give up’ nayo inahitaji matumizi: kwa mwenye kuchoka ni kukata tamaa, kwa mvutaji wa sigara ni kuacha, kwa askari ni kusalimu amri. Maana hizo zifundishwe pamoja na watu na vitu vinavyoambatana nazo, si kwa kisawe kilichosimama peke yake.

Liko pia suala la mpangilio wa maneno, ambalo Kiswahili hakiwezi kulisaidia. Kiingereza hukubali ‘put off the meeting’ na ‘put it off’, lakini hukataa ‘put off it’. Wakati huo huo hukubali ‘look after it’ na kukataa ‘look it after’. Mtendwa wa Kiswahili hukaa ndani ya kitenzi: uahirishe, utunze. Kwa hiyo mwanafunzi hana mazoea yoyote ya kumwongoza, na kila kitenzi kirai lazima kionyeshwe kwake kikiwa na kiwakilishi mahali pake.

7.0 Hitimisho

Wanaleksikografia wa Kiingereza wenyewe walikwisha kuona umuhimu wa kijineno. Kamusi ya vitenzi virai ya Collins Cobuild, iliyotoka mwaka 1989, iliambatisha faharasa inayoanza na vijineno na kuonyesha maana ambazo kila kimoja huzichangia. Msomaji wa Kiswahili anahitaji kitu cha namna hiyo kilichoandikwa kutoka upande wake. Chini ya ‘off’, kwa mfano, angekuta kwanza kubanduka kwa kilichoshikamana, pamoja na bandua, vua na ezua. Kisha kuondoka mahali. Kisha kukatika kwa nguvu za umeme au maji. Kisha kufyatuka kwa kilichotegwa. Na mwisho kusogezwa au kufutwa kwa jambo lililopangwa, kama katika ‘put off’ na ‘call off’. Kurasa chache za aina hiyo zingemsaidia zaidi ya orodha ndefu ya visawe vilivyotawanyika.

Kwa mwalimu wa Lubudi jambo hili halihitaji kusubiri kamusi mpya. Anaweza kuanza na ubao wake na sentensi kumi, akiwataka wanafunzi wataje kwa Kiswahili kwanza kijineno kimefanya nini, halafu kitenzi kimefanya nini. Kifaransa kitabaki kuwa lugha rasmi ya masomo, na hakuna haja ya kukifukuza. Kinachotakiwa ni kuacha kuichukulia lugha ya nyumbani kama kikwazo mlangoni pa darasa la Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba mtego umefyatuka tayari ameielewa ‘off’ iliyo ngumu kuliko zote. Kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha kwamba anaijua, kabla hajafika mahali ambapo king'ora kinalia.